Anayecheka Anakunywa Mara Mbili

Kaseti ililetwa Jumanne na dereva wa lori lililokuwa likija Kitengela kupakia mawe. Ilikuwa imeviringishwa kwenye gazeti, na juu ya gazeti wifi yake Kasyoki alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: ITAZAME KABLA YA JUMAPILI. Munyiva akaiweka juu ya runinga, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akaenda kusonga ugali. Hakuhitaji kuitazama ili ajue kilichomo. Alikuwepo.

Muteti, mumewe, alifariki mwezi wa Machi mwaka huo wa 2003, kwa homa ya uti wa mgongo iliyommaliza kwa siku nne. Alizikwa kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye shamba ambalo marehemu babake, mzee Nzau, alilinunua alipohama Ukambani. Sasa ilikuwa Novemba. Jiwe la kaburi lilikuwa limeshafikishwa kwa Katoo, fundi wa kuchonga, na Jumapili baada ya ibada familia ingekaa kuyakubali maneno. Barua iliyokuja pamoja na kaseti iliyaorodhesha: Mwana wa Nzau na Syokau. Ndugu ya Kasyoki. Mume wa Munyiva.

Mstari wa mwisho ulikuwa umewekewa mabano kwa ile kalamu nyekundu.

“Mwaitu amesema,” Kasyoki aliandika, maana ndivyo walivyomwita mama yao, “huo mstari utachongwa ukija Jumapili, upige magoti mbele ya watu, uombe msamaha kwa kucheka kaburini. Usipokuja, Katoo ataanza kazi Jumatatu bila huo mstari. Tafadhali wifi, itazame hiyo kaseti ujionee vile tulionekana.”

Kwa maana alikuwa amecheka. Hilo hakulikana hata siku moja. Alikuwa ameshika udongo mkononi, jeneza limeshashuka, na akacheka.

Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nyumba yao ya Kitengela ilikuwa ya kupanga. Ukitoa ule mstari kwenye lile jiwe, hapangekuwa na mahali popote duniani palipoandikwa kwamba Munyiva alikuwa mke wa Muteti. Alilijua hilo. Alilitazama vile mtu anavyotazama mvua ikinyesha upande wa pili wa barabara.

Umewahi kulalia mkono, ukaamka ukaukuta si wako, ukaunyanyua kwa mkono wa pili kama ukuni? Ndivyo alivyokuwa tangu Machi, mwili mzima. Alishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha Athi River kutwa nzima, akarudi, akala, akalala. Watu wa kanisa walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa anajikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, alimgeukia Evalyne, jirani yake aliyeketi mashine ya pili.

“Kesho mje. Sinema imerudi.”

Evalyne akasahau kijiko hewani. “Aki, Munyiva? Kweli?”

“Mwambie Kyule alete bia. Hodo atakuja na soda yake.”

“Ni filamu gani?”

“Ya kwetu.”

Sinema aliianzisha Muteti. Alikuwa dereva wa lori la mawe, na mwaka wa tisini na tisa, aliponunua deki ya video, aliona ni dhambi kuitazama peke yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jua likianza kulegea, marafiki walikusanyika sebuleni, mapazia yakashushwa, na kopo la kakao likazungushwa. Ndani ya kopo mlikuwa na vikaratasi. Kila kikaratasi kiliandikwa jambo ambalo filamu haiwezi kukosa: simu inalia, tajiri anashika kifua, mama mkwe anafungua mlango bila kubisha. Ulichookota ndicho mzigo wako. Mzigo wako ukitokea kwenye kioo cha runinga, unakunywa funda moja. Na anayecheka kabla ya kumeza, anakunywa mara mbili.

Muteti alishindwa kila mwezi, kwa kuwa kila kitu kilimchekesha. Lililomuua kabisa kwa kicheko lilikuwa maziko ya matajiri. Haikosekani filamu yenye tajiri mwovu, na akishakufa haikosekani mtu wa kusimama na kusema marehemu alikuwa mtu wa watu. Muteti angeruka kutoka kwenye kiti, kikaratasi kiwe chake kisiwe chake, “Mtu wa watu, kunywa!”, akanywa, akacheka, akanywa tena, bia ikampitia puani.

Bingwa alikuwa Hodo, mwanamke Mwislamu mwenye duka la vitambaa pale karibu na steji ya Namanga. Hodo hakunywa kileo. Alicheza na soda ya tangawizi, na kufikia mwisho wa filamu yeye peke yake ndiye aliyejua nani aliua nani.

Basi Jumamosi wakaja. Kyule, mkata mawe na rafiki wa Muteti wa chanda na pete, aliingia na kreti begani. Alikuwa na bega moja juu na jingine chini kwa miaka ya kupiga nyundo. Yeye ndiye aliyelichagua lile jiwe la kaburi kule timboni, akaligonga pande zote akisikiliza kama lina ufa, akalikata kwa mkono wake. Evalyne alileta njugu. Hodo alileta sambusa na chupa zake tatu.

“Nimefurahi, dada,” Hodo akasema akivua viatu. “Nilidhani hii nyumba haitacheka tena.”

“Keti, Bingwa,” Munyiva akasema.

Akazungusha kopo. Vikaratasi vilikuwa vipya, ameviandika mwenyewe usiku wa jana.

“‘Mtu akisema ataongea kwa ufupi,’” Kyule akasoma. “Hii si ni filamu ya wanasiasa! Leo nitabebwa.”

“Mimi niko na ‘mtu wa watu’,” Evalyne akasema, na sauti yake ikapungua kidogo katikati, maana wote walijua hicho kilikuwa cha nani.

“‘Kuku akipita mbele ya kamera,’” Hodo akasoma. “Kuku? Ni filamu ya mashambani?”

“Ndiyo. Mimi niko na ‘mwanamke akizirai’.” Munyiva akaitia kaseti kwenye deki, akashusha mapazia, akaketi.

Kinanda kikaanza. Maua mekundu yakaviringika kutoka pembe nne za kioo, yakakutana katikati, yakafunguka, na maandishi ya dhahabu yakatokea: SAFARI YA MWISHO YA MUTETI NZAU. Kisha picha yake, na tai nyekundu aliyoichukia, ikageuka kama ukurasa wa kitabu, ikatua ndani ya moyo.

Njugu moja ilisikika ikianguka sakafuni.

“Zima,” Evalyne akasema.

“Mmeshaokota.”

“Munyiva, zima hiyo kitu, tafadhali.”

“Mzigo ni mzigo. Ndio sheria.”

Hodo alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. “Dada, huyu ni maiti wetu. Kwetu hata picha hatupigi.”

“Kwetu tunapiga,” Munyiva akasema. “Na muziki tunatia.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza choo kiko wapi. Kisha akawasomea barua ya Kasyoki, yote, hadi kwenye mabano. “Nimeambiwa niitazame. Sitaki kuitazama peke yangu. Nikiitazama peke yangu nitakaa hapa kama kiti.”

Kyule akainamisha kichwa, akakitazama kikaratasi chake kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

Kwenye kioo, mjomba mmoja wa Muteti alipewa kipaza sauti chini ya hema. Akakigonga. Akakohoa. “Mimi sina mengi,” akasema, “nitaongea kwa ufupi.” Halafu akatoa mfukoni karatasi nne, akazikunjua, akaanza na mwaka wa 1962.

Macho yote yakamgeukia Kyule. Kyule akanywa, kama anayekunywa dawa.

Baada ya mjomba, mwenyekiti wa chama cha madereva. Kwa ufupi. Baada yake, mzee wa kanisa. Kwa ufupi sana. Kufikia mwakilishi wa majirani Kyule alikuwa ameshafungua chupa ya pili, na kuku mwekundu akatokea chini ya meza ya jeneza, akasimama katikati ya picha, akaitazama kamera, akaenda zake.

“Wallahi,” Hodo akanong'ona. Akanywa funda la tangawizi. Kisha gesi ikampanda puani, akapiga chafya, na Evalyne, ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka tangu yale maua, akaangua kicheko kilichomshtua mwenyewe.

“Umecheka na hujameza,” Kyule akamwambia. “Mara mbili!”

“Si mzigo wangu!”

“Ngoja basi uje.”

Ukaja. Mwendesha programu alisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Binamu akasema. Diwani wa zamani, ambaye hakuwahi kuonana na Muteti maishani, akasema mara mbili katika sentensi moja. Evalyne alikunywa na kulia na kucheka kwa zamu, na baadaye bila zamu. Kisha shangazi mmoja aliyevaa kofia ya manyoya akasimama, akageuka nyuma kuhakikisha kiti kiko pale kilipokuwa, akapiga ukemi, akazirai juu ya kile kiti. Munyiva akanywa funda lake.

“Huyo alimjua Muteti?” Hodo akauliza.

“Alimwona akiwa darasa la tatu.”

Wakacheka wote watatu. Munyiva aliwatazama. Alikuwa amedhani labda, wakiwa hivi, na Muteti akiwa pale mbele ndani ya mbao zake, kitu kingesogea. Aliliona jeneza, akaona kwamba pembe moja ya vanishi ilikuwa imechunika. Alijiona mwenyewe mstari wa mbele, gauni jeusi la kuazima, mikono mapajani. Mjane yule alionekana mtu wa heshima. Hakumjua.

Halafu kinanda kikabadilika, kikawa cha taratibu, na Evalyne akasema, “Ni hapa?”

“Ni hapa.”

Hapa lazima ieleweke desturi ya Ndung'u. Ndung'u ndiye aliyekuwa fundi wa video wa Kajiado. Harusi zake, mazishi yake. Mwaka ule alikuwa amepata mashine ya kuunganisha picha, yenye maua na mioyo na kurasa za kugeuka, na pia kitufe cha kupunguza mwendo. Kila mazishi alikitumia mahali pamoja: mjane anapofikishwa kaburini kutupa udongo. Mjane huwa analia. Akipunguzwa mwendo analia zaidi, na jamaa wakitazama baadaye wanasema hii video ni nzuri. Ndung'u alikuwa ameshapunguza mwendo wa wajane wengi kiasi kwamba hakuwa na haja tena ya kuwatazama. Alisikia neno “mjane”, kidole kikajiendea.

Kwa hiyo kwenye kioo Munyiva aliinama polepole, kama aliye ndani ya maji, akachota udongo. Akainuka polepole. Akatazama mbele, ng'ambo ya kaburi. Na hapo pembe ya mdomo wake ikaanza kupanda. Ikapanda. Meno ya juu yakatokea, kisha ya chini. Kichwa kikalala nyuma, macho yakafumba, shingo yote ikawa wazi, udongo ukimvuja vidoleni punje kwa punje. Kilikuwa kicheko cha sekunde moja, labda nusu. Ndung'u alikuwa amekifanya kikawa na urefu wa ubeti mzima wa wimbo wa tenzi.

Kisha, kwa sababu kinanda kilikuwa hakijaisha, akakirudia.

Hakuna aliyekunywa. Hakikuwa kimeandikwa kwenye kikaratasi chochote.

Kyule alikuwa ameweka kikombe chini. “Ni mimi,” akasema.

“Kyule,” Munyiva akasema.

“Ni mimi, Hodo. Evalyne. Nilikuwa nimesimama pale anapoangalia. Mchungaji alikuwa amesema tena, mtu wa watu, ya tano au ya sita, mimi sijui, na mkono ukajiendea tu.” Akakunja ngumi, akaileta mdomoni, kama aliyeshika kikombe. “Hivi. Kama Muteti. Sikuwa nataka kuchekesha mtu. Nilikuwa nataka... sijui nilikuwa nataka nini. Kamera haikunigeukia.”

“Najua,” Munyiva akasema. “Nilikuona. Ndiyo maana nilicheka.”

“Miezi minane na haujasema?”

“Hakuna aliyeuliza kwa nini nilicheka. Waliuliza kwa nini sikulia.”

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa, na wifi yake Kasyoki akaingia na mkoba wa safari. Alikuwa amekuja kulala, ili asubuhi waende pamoja Kajiado na Munyiva asipate nafasi ya kubadili nia. Alisimama pale pale mlangoni. Aliona chupa, vikombe, sambusa, mapazia. Kisha akaona runinga, na kwenye runinga akajiona mwenyewe, na kipaza sauti mkononi, akitoa shukrani kwa niaba ya familia.

“Kaka yangu,” Kasyoki wa kwenye kioo akasema, “alikuwa mtu wa watu.”

Kikombe cha Evalyne kikapanda chenyewe. Akameza kabla hajajua anafanya nini. Kisha akakishusha na kukificha nyuma ya mguu wa kiti.

“Hiyo ni bia?” Kasyoki akauliza.

“Na soda,” Hodo akasema.

“Mnakunywa kwa mazishi ya kaka yangu? Mmeketi hapa mnakula sambusa na kaka yangu yuko kwa sanduku?” Sauti yake haikupanda. Iliteremka. “Munyiva, hii si ni ile michezo yenu?”

“Ndiyo. Ni mchezo wake.”

Kasyoki akaketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyekesha na Munyiva hospitalini usiku wa tatu, wakigawana leso moja. Alitazama kioo hadi shukrani zake zikaisha, kaseti ikafika mwisho na vumbi la picha likajaa.

“Nisikilize,” akasema. “Hii sijaiona. Sitamwambia Mwaitu. Lakini kesho uje. Maneno mawili tu, wifi. Nisamehe, Mwaitu. Hata kama hautoi moyoni. Mimi nataka jina lako likae pale. Nimegombana na nyumba yote kwa huo mstari.”

“Dada Kasyoki,” Kyule akaanza, na akamwambia. Ngumi, mdomo, yote. Alisimama akionyesha, bega lake la chini likizidi kushuka.

Uso wa Kasyoki ukafunguka. “Basi si ni rahisi! Munyiva, si useme hivyo? Kesho Kyule anakuja, anapiga magoti na wewe, anasema ni yeye alikuchokoza. Mwaitu atamlaumu yeye. Jambo limekwisha. Jumatatu Katoo anachonga.”

“Mimi nitakuja,” Kyule akasema haraka. “Kesho nitakuja hata na miguu.”

Wote wakamgeukia Munyiva. Njia ilikuwa imefunguliwa mbele yake, pana, imefagiliwa. Hata mkaidi asingeikataa. Alikuwa akikitazama kikombe chake. Alikuwa anafikiria kile kicheko, si kile cha Ndung'u kirefu kama wimbo, bali chenyewe, cha sekunde moja, vile kilivyompanda kutoka tumboni kikiwa cha moto, na ng'ambo ya kaburi mtu amenyanyua ngumi, na kwa sekunde ile moja ikawa ni Jumamosi na Muteti bia inampitia puani. Baada ya hapo udongo ulianguka na hakuna kitu kingine kilichompanda tena. Hicho ndicho walichotaka akakitubie.

“Kyule hatapiga magoti,” akasema.

“Basi wewe.”

“Na mimi pia.”

“Munyiva. Jiwe litachongwa bila wewe. Unaelewa? Watu watapita pale miaka na miaka, watasoma, watadhani hakuoa.”

“Naelewa.”

“Ni maneno mawili!”

“Nimeyahesabu.”

Evalyne akamshika mkono. Ulikuwa mkono tu. Munyiva akauacha ushikwe. Nje, lori la mwisho la mawe lilikuwa likipita kwenda barabara kuu, na vikombe vikatetemeka juu ya meza, kimoja kimoja, kisha vikatulia.

Kasyoki akainuka, akaweka mkoba begani. Macho yake yalikuwa mekundu. “Nitalala kwa binamu yangu,” akasema. “Nipe neno la kumpelekea Mwaitu. Lolote. Nitamwambia nini kesho, mbele ya watu wote?”

Munyiva akanywa funda moja. Akafikiri kidogo, akanywa la pili.

“Mwambie video nimeitazama hadi mwisho,” akasema. “Mwambie ni kweli nilicheka, na alikuwa mume wangu. Jiwe waliandike wanavyotaka. Msamaha siombi.”